Vichwa Vinane vya Kima

Sikilizeni yaliyolikuta zizi lililokuwa na walinzi wawili. Kima, mwenye haraka, alichungulia kwa juu na kuhesabu vichwa. Kobe, mwenye subira, alilala mlangoni na kuhesabu miguu kupitia upenyo wa chini. Ndani waliishi mbuzi watatu na kuku watano, na mlango haukufungwa mpaka hesabu zote mbili zikubaliane.

Jioni moja, kiza kikiingia, Kima alipaza sauti: "Vichwa vinane! Kamili!" Akashuka, akakomea mlango.

"Ngoja kwanza, ndugu yangu," alisema Kobe. "Nimepata miguu ishirini na minne."

"Miguu, miguu! Vichwa si vimetimia? Tena leo wametulia, hata mmoja halii."

"Wangekuwa kuku watupu, vichwa vinane vingekuwa na miguu kumi na sita. Hapa imezidi minane, na kila mbuzi huzidisha miwili. Basi humo mna wanyama wanne wa miguu minne, na kuku wanne."

Kima akaruka kwa furaha. "Loo! Tumepata mbuzi wa nne!"

"Na kuku wa tano yuko wapi?"

Kima akalitazama komeo alilolisukuma kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo mmoja wa wale wanane, mle ndani, akacheka.

Mbuzi hawajui kucheka. Fisi anajua.