Jumanne ya Kuficha Mafuta

"Yameisha, kaka," Hanifa, muuza mafuta wa kituo, alisema kabla Tadeo hajazima hata injini.

Tadeo akacheka, ingawa moyoni hakukuwa na kicheko. Kesho yake, Jumatano, serikali ingetangaza bei mpya. Nani hapa Igawa asiyeijua Jumanne ya namna hiyo? Tetesi zikishavuma kwamba bei inapanda, vituo vya barabara kuu hukauka vyote mchana, na Jumatano asubuhi mafuta hububujika utadhani yalinyesha usiku.

"Dada, nina mgonjwa."

Blandina, mkewe, alikuwa amelala kwenye godoro nyuma ya pikapu, mimba ya miezi tisa, kitenge kimelowa damu. Nesi wa zahanati kule mlimani alisema wawahi Mbeya, na wakishindwa Mbeya, basi hata hospitali ya Chimala, iliyo karibu zaidi.

"Namwona, kaka. Ndiyo maana nakwambia usipoteze muda. Kampuni haijatuletea wiki hii, na wao wanangoja bei mpya. Hayo uliyonayo yanakufikisha Chimala. Songa."

Kampuni! Mwezi uliopita aliimba wimbo huohuo. Tadeo akakaa kwenye benchi saa nzima akimbembeleza, na mwishowe Hanifa akamtolea dumu nyuma ya choo, kwa bei ya kesho. Mwezi wa kabla yake, hivyohivyo. Mvumilivu hula mbivu, na Igawa mvumilivu hupata petroli. Mshale wa tanki lake ulikuwa umeshagusa wekundu. Akikwama porini na mke anavuja damu, atamwambia nini Mungu?

Akazima injini.

"Nitalipa bei ya kesho."

"Hayapo, kaka."

"Mara mbili yake."

"Wallahi, hayapo."

Kando ya ofisi lilikuwepo gari la Nasri, mwenye kituo, limeegeshwa tangu juzi, vumbi limelijaa hadi kwenye vioo. Yumo ofisini humo analinda mali yake, Tadeo aliwaza kwa uchungu.

Dereva wa lori aliyekuwa amejilaza kivulini akaguna. "Serikali inakula tozo, kampuni inakula faida, sisi tunakula vumbi." Watu wakacheka. Tadeo naye akacheka nao, ili Hanifa amwone kuwa ni mtu wa watu.

"Baba Kasian," Blandina aliita kwa sauti ndogo, "twende tu hivyohivyo."

"Kidogo tu, mama Kasian. Anakaribia kulegea."

Na kweli, Hanifa alikuwa analia. Tadeo aliyaona machozi yale, akajua dhamiri imeanza kumchoma. Akaongeza noti juu ya noti. Akapiga magoti. Hanifa naye akapiga magoti palepale kwenye saruji, wakawa watu wazima wawili wanaombana mbele ya pampu.

"Nenda Chimala, kaka. Nakuomba kwa jina la mama yako."

Anavyonifukuza, Tadeo alijiambia. Amebakiza kidogo tu.

Ilipogonga saa kumi, Blandina alikuwa haiti tena. Tadeo alipanda nyuma ya pikapu, akaushika mkono wake, mkono umeshapoa. Akaweka kiganja tumboni, akangoja, akangoja tena. Hakuna kilichocheza. Akalia kama mtoto mdogo, yeye ambaye hata baba yake alipozikwa aliinama tu.

Barabara nzima ilikuja. Akina mama wa vitunguu waliacha meza zao, dereva wa lori akamkamata Hanifa kwa ushungi. "Muuaji! Petroli imekuwa na thamani kuliko mtu?" Hanifa alikuwa anamtazama Blandina tu.

"Lifunguliwe tanki la kituo," mtu akasema, "polisi wakija wakute ushahidi."

Wakalivunja kufuli kwa spana ya magurudumu. Wakampa Tadeo fimbo ya kupimia mafuta, kwani mfiwa ni yeye. Akaiteremsha ndani ya shimo, taratibu, na watu wote wakasogea karibu.

Ikagonga chuma. Alipoitoa, ilikuwa kavu mpaka nchani.