Breki za Dada

Fundi alilegeza breki ya mkono, gari likaanza kuteremka kilima. Aliyeshika usukani ni dada yake mkubwa, ambaye hakuwa ameendesha tangu mguu wake wa kulia udhoofu kwa maradhi. Breki za zamani zilidai nguvu asizokuwa nazo tena: mipira ya kupitisha mafuta ilikuwa imechoka, ikivimba kila breki zikikanyagwa, na kanyagio likibonyea kama sifongo.

Asubuhi hiyo fundi alikuwa amefunga mipira mipya iliyosukwa kwa waya wa chuma ili isivimbe, kisha akatoa hewa yote kwenye mafuta.

"Kanyaga, dada!"

Kiatu cha dada, kilicholika kisigino upande mmoja, kiligusa kanyagio. Kiligusa tu. Gari likasimama tuli, wote wawili wakainama mbele kama wanaoamkia wakubwa.

"Jamani, limesimama!" dada akapiga kelele, machozi yakimlengalenga. "Na sijatumia hata nguvu ya kuua mbu!"

"Si nilikwambia?" Fundi alicheka mpaka akashika mbavu.

Dada akajinyoosha hadi upande wa fundi, akamfungulia mlango.

"Haya, shuka, mdogo wangu. Leo wanangu nawafuata shule mwenyewe."