Rangi Nyuma ya Pipa

Guleid alikuwa amelala chali kwenye saruji ya bafu, miguu imeelekea mlangoni, macho yametua kwenye boriti.

"Baba Kulmiye, umeanguka?" mkewe Halimo aliuliza.

"Sijaanguka. Kutoka huku chini ndipo unaona brashi iliruka wapi." Akanyoosha kidole. "Ona pale."

Halimo hakuona kitu pale. Alichoona ni mwanamume mwenye malori mawili ya kubeba ng'ombe, ambaye tangu waoane hajawahi kushika hata ufagio, akijiinua kwa taabu na kuchovya brashi kwenye kopo la rangi nyeupe.

Mwanamume akianza kusugua bafu baada ya miaka thelathini ya ndoa, si uchafu anaoutoa. Kuna mtu anayemwandalia nafasi.

Hiyo ilikuwa wiki ya pili. Alianza na kuta, akazisugua kwa jivu na ndimu hadi ukungu wote ukatoka. Kisha akaanza kusaka pembe ambazo hata Halimo alikuwa amezisamehe zamani: nyuma ya bomba, juu ya kizingiti, chini ya ukingo wa dirisha. Nyuma ya pipa la maji, lililojengewa jukwaa lake ukutani, mkono haukufika. Guleid akafunga soksi kuukuu kwenye ncha ya waya, akaupinda waya, akachovya rangi. Mkono wa pili ulishika kipande cha kioo cha lori ili aone anapopaka.

"Nani atachungulia huko nyuma?" Halimo aliuliza.

"Watu watakuja. Macho ya watu hayana haya."

"Watu gani?"

Guleid alikohoa, akarudi kwenye waya wake.

Kesho yake alibomoa kiukuta kilicholigawa bafu. Alipomaliza alikaa juu ya matofali akitweta. "Sasa watu wawili watazunguka humu bila kugongana," alisema, kama mtu aliyeridhika.

Watu wawili!

Halimo hakuwa mjinga. Mwezi uliopita Guleid alikwenda Meru mara tatu bila lori, amevaa shati lake la Idi. Kila aliporudi alikuwa amepungua. Kitambi alichokibeba kwa fahari miaka kumi kilikuwa kimeyeyuka, na nyama alizopikiwa aliziacha sahanini. Halimo aliwajua wanaume wanaojikondesha uzeeni. Tumbo hawalitoi kwa ajili ya mke waliye naye.

Sahra, jirani wa upande wa pili wa ua, alimaliza ubishi.

"Abayo, dada yangu, hiyo si rangi ya mke mzee," alisema akianika nguo. "Wangu alipotaka kuoa yule wa Garba Tulla, alianza na mapazia. Wako afadhali, ameanza na bafu. Angalau utaoga."

"Nicheke au nilie, Sahra?"

"Cheka kwanza, kulia hakuna haraka." Kisha akaacha mzaha, akasogea karibu na ua. "Jana Sheikh Abdillahi alikuwa hapa kwenu, wewe ukiwa sokoni. Walikaa kivulini hapo. Nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema, 'Sheria inaruhusu, Guleid. Lakini muulize mwanamke mwenyewe, usimlazimishe.'"

Kanga aliyoishika Halimo ilimponyoka.

"Na huyo atakataa?" Sahra aliendelea. "Msichana wa leo aone malori mawili, aseme hapana?"

Halimo alirudi ndani, akafungua sanduku la safari la mumewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Ndani mlikuwa na udi, chupa mbili za marashi, na sabuni mpya ambazo karatasi zake hazijafunguliwa. Alizinusa moja moja. Yeye mara ya mwisho kununuliwa marashi, Kulmiye alikuwa bado ananyonya.

Akalifunga sanduku. Alikumbuka walipolijenga bafu lile: ng'ombe watatu wa marehemu baba yake waliuzwa, na yeye mwenyewe akachota mchanga wa mtoni kwa karai, mimba ikiwa ya miezi saba. Sasa mgeni angekuja kuoga humo huku yeye akisukumwa jikoni na ndoo yake, kama shangazi aliyekosa pa kwenda. Afadhali arudi kwa kaka zake huko Kulamawe huku watu wakiona.

Alimkuta Guleid amepiga magoti, anapaka mdomo wa tundu la maji machafu, mahali ambapo hata panya hapatazami mara mbili. Jasho lilikuwa limemlowesha fulana.

"Baba Kulmiye, weka brashi chini."

Akaiweka.

"Nimekaa na wewe kwenye njaa, nimekaa na wewe kwenye mashambulizi ya shifta, nyumba ikichomwa tukalala kwenye lori. Sikukuomba kitu. Leo nakuomba kimoja. Nisiambiwe na majirani. Umemwita sheikh, amekupa ruhusa. Haya. Nitajie mwanamke unayemtengenezea bafu hili, nimjue kabla hajaingia."

Guleid alifuta vidole vyake kwa tambara, kimoja kimoja. Hakuinuka. Pengine hakuweza.

"Ni wewe, Halimo," alisema. "Daktari kule Meru ameniambia Ramadhani ijayo haitanikuta hai, na nikishakufa sitaki kuoshwa na mkono mwingine."