Mikono ya Mama Kiooni

Kibanda cha vioo cha kukuzia mizabibu kilibakiza tundu moja lisilo na kioo. Grizel, mtumishi wa daktari, alikuwa akisugua kwa magadi kioo cha mwisho kati ya vioo vya picha za zamani alizopiga daktari, ili picha ifutike na kioo kiwekwe huko, daktari alipomshika mkono.

"Hiki kiache."

Kwenye kioo hicho mama yake daktari alikuwa amekaa mlangoni. Vioo vya picha hugeuza rangi, nyeupe ikawa nyeusi, kwa hiyo mvi zake zilionekana nyeusi, kama nywele za msichana. Mikono tu ilikuwa ukungu, kwa sababu alikataa kuacha kufuma soksi mwanawe alipokuwa akimpiga picha.

"Nimetulia, mwanangu. Hii mikono ndiyo haijazoea."

Siku ile daktari alimfokea mama yake kwa kuharibu picha.

"Sasa tundu tuzibe na nini?" Grizel aliuliza. "Upepo utaingia."

"Uingie," alisema daktari, akipangusa povu kwenye kioo cha mama yake kwa mkono wa koti.