Vihisio Vitatu vya Mwisho

Namba tatu za mwisho zilikuwa zimepanda tena: arobaini na moja, arobaini na tatu, arobaini na sita.

“Bado zinapanda?” Pius aliuliza.

“Bado,” Rebeka akajibu.

Walikuwa ofisini kwao Ilemela. Saa moja iliyopita boti ya abiria ilikuwa imeondoka Nansio na watu sitini. Chini ya sakafu yake kulikuwa na vihisio kumi na tisa vya kupima maji yanayoingia, kwa sentimita, na vipimo vilifika ofisini papo hapo.

Rebeka alipewa kazi ya kuandika upya, kwa lugha ya C, kipande cha programu kinachonakili vipimo hivyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Cha zamani alikiandika Pius, bosi wake, enzi zile boti zina vihisio kumi na sita. Kilibeba namba nane nane, kwa kasi, na ndicho kilichoendesha skrini ya kila nahodha. Cha Rebeka kilibeba nane nane, kisha kikachukua masalio, zile namba zisizotimia nane, moja moja.

Kwenye vipimo kumi na sita vya kwanza, programu zote mbili zilisema sifuri. Kwenye vitatu vya mwisho, vya chumba cha nyuma, ya Pius ilisema sifuri pia; namba zilipanda kwenye ya Rebeka tu.

“Masalio yako yanaokota takataka,” Pius alisema. “Futa. Turudishe ya kwangu.”

“Takataka haziwezi kupanda kwa mpangilio hivi, kaka.”

Hamsini. Hamsini na mbili. Hamsini na tano. Rebeka alimpigia nahodha Luhaga.

“Shikamoo, nahodha. Naomba uangalie chumba cha nyuma kama kina maji.”

“Marahaba, binti. Subiri.”

Alisubiri. Kwenye simu injini ilinguruma, abiria fulani akacheka. Pius alikuwa ameacha kuchezea kalamu.

“Kikavu kabisa,” nahodha alisema.

Rebeka alishusha pumzi. Aibu ilimpanda usoni. Simu ikiwa bado sikioni, akafuta kazi yake ya wiki tatu na kurudisha ya Pius. Namba zote kumi na tisa zikawa sifuri.

“Asante, nahodha. Samahani kwa kukuteremsha huko chini.”

“Niteremke wapi, binti? Nimetazama hapa hapa, kwenye skrini mliyonifungia.”