Macho ya Songoro

Siku hizi makala za mtandaoni huyasoma macho ya msomaji, na picha ambayo macho yanaikwepa hufutika. Tunu, msanifu wa kurasa, alimaliza kupanga makala kuhusu wahunzi wa Ujiji, kwao mumewe Songoro, akampa simu aisome.

"Imependeza. Picha nne zinatosha," alisema Songoro.

"Nimeweka tano! Ile kubwa ya juu ni ya baba yako, ameshika nyundo."

"Mbona siioni?"

Tunu aliichukua simu, akaitazama mwenyewe. Picha ikarudi.

"Mume wangu, mzee alikufanyia nini?"

Songoro alisogea, akachungulia begani kwake.

"Usiondoe macho, Tunu. Nataka nione kama amezeeka."