Kahawa ya Mkwe

Mkwe aliweka kikombe chini bila ya kuonja, na Ibtihal akajua ombi ni lile lile. Ndiyo ada yao: mgeni mwenye haja hanywi kahawa mpaka mwenye nyumba amwambie "kunywa", na akishaambiwa, haja yake imekubaliwa. Akiambiwa hivyo, binti yake Ibtihal angerudi tena Sib kwa mumewe huyu, na shavu bado limemvimba.

"Mtume kasema mbora wenu ni aliye mbora kwa ahali zake," Ibtihal alisema. Hilo ndilo somo lake kwa wanawake msikitini, na mumewe humsifu mbele ya watu kwa kulisomesha vizuri.

"Kweli, mama. Lakini na mke naye asubiri," mkwe alijibu, kwa ile ile sauti laini aliyokuja nayo mara iliyopita.

Asubiri! Hivi subira ilishushiwa wanawake peke yao?

Ibtihal alimtazama mumewe. Mzee wa watu keshalainika, macho hayambanduki kikombeni, anaona haya kahawa ya mgeni kupoa.

"Haya, kun—"

Ibtihal akakitwaa kikombe, akainywa kahawa yote yeye, kisha akakitikisa kama atikisavyo mtu aliyetosheka.